Mtoto wa Nyoka ni Nyoka? Historia ya Swali Kuhusu Mhalifu

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Moja husema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wataalamu wa Ulaya na Marekani nao walibishana juu ya jambo hilo hilo kwa miaka mingi, na mabishano yao yanatugusa sisi tunaohubiri toba.

Mwaka 1876 daktari Mwitaliano, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu akidai kwamba wako watu waliozaliwa wahalifu, na kwamba hutambulikana kwa maumbile kama fuvu, taya na masikio. Hoja hiyo iliwavutia wengi, kwa kuwa iliwaweka wahalifu upande mmoja na watu wema upande wa pili. Lakini mwaka 1913 Charles Goring, daktari wa magereza nchini Uingereza, alitoa matokeo ya kuwapima wafungwa wapatao 3,000 na kuwalinganisha na watu wasio wafungwa. Umbo la pekee la mhalifu halikuonekana.

Kwa Mlutheri, hoja ya Lombroso ina kasoro nyingine. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linafundisha kwamba wanadamu wote huzaliwa katika dhambi. Halijui kundi la waliozaliwa wema.

Wengine walitafuta chanzo katika jamii. Émile Durkheim, Mfaransa aliyekuwa mtoto wa rabi, aliandika mwaka 1895 kwamba hakuna jamii isiyo na uhalifu. Hata katika nyumba ya watawa watakatifu, alisema, makosa madogo yasiyowashtua watu wa nje yangehesabiwa kuwa makubwa.

Huko Chicago, Clifford Shaw na Henry McKay walichunguza kumbukumbu za mahakama ya watoto za miaka mingi, wakatoa kitabu mwaka 1942. Kesi zilikuwa nyingi katika mitaa iliyo karibu na katikati ya mji, penye viwanda, nyumba mbovu, umaskini na watu wanaohama kila mara. Wakazi wa mitaa hiyo walibadilika: Wajerumani na Waayalandi waliondoka, wakaja Waitaliano na Wapolandi. Hata hivyo mitaa ile ile iliendelea kuongoza kwa kesi. Basi ubaya haukuwa katika damu ya kabila lolote. Methali ya pili ilipata ushahidi, ila mlezi aliyetajwa sasa ni mtaa mzima, si mama peke yake.

Mwaka 1963 Mmarekani Howard Becker aliongeza swali lingine: nani humwita mtu mhalifu? Alieleza kwamba mtu akishabandikwa jina hilo, milango ya kazi na urafiki humfungia, naye huishia kukaa na wale wanaompokea, yaani waliobandikwa jina kama lake.

Je, nadharia hizi zinamwondolea mtu wajibu? Tumtazame Zakayo. Mji wote ulimwita mwenye dhambi. Yesu aliingia nyumbani mwake na kumtambua kuwa mwana wa Ibrahimu. Lakini Zakayo hakusema kwamba kosa ni la Warumi na utaratibu wao wa ushuru. Aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Alipokelewa, na deni lake alilikubali.

Usharikani mwetu tunalo neno zuri, kurudi kundini. Kijana aliyetoka gerezani husimama mbele ya madhabahu, akaungama, tukampa mkono. Jumatatu anapoomba kibarua, washarika wale wale hunong'ona, "Huyo ni mwizi." Tukimnyima kazi na kumbakizia jina, tusishangae akirudi kwa wale wanaompokea. Baraza la wazee linalopanga siku ya kumrudisha kundini lipange pia ni nani kati yetu atakayempa kazi wiki inayofuata.