Kilichofichika na Alama Zake

Katika vilima vya shaba vya Lualaba miti hukoma ghafula, na mahali pake huota majani mafupi na ua la rangi ya buluu, ambalo wataalamu waliliita Haumaniastrum katangense. Ua hilo hustahimili udongo unaoua mimea mingine. Wapimaji wa madini walilisoma kama alama: chini yake huenda pana shaba, ijapokuwa haijaonwa na jicho.

Wanaastronomia nao walipita njia hiyo. Mwaka 1846 sayari Neptuni ilionekana karibu na pale Le Verrier alipopakadiria, kwa kuwa Uranusi ilikuwa ikivutwa na kitu kisichojulikana. Alipoona mwendo wa Utaridi nao hauafikiani na hesabu, alitabiri sayari nyingine. Hiyo haikuonekana kamwe. Safari hii kanuni yenyewe ilikuwa na upungufu, na Einstein aliirekebisha mwaka 1915.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky alikuta galaksi za kundi la Coma zikienda kasi mno, hata uzito unaoonekana usitoshe kuzizuia zisitawanyike. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya Andromeda. Kwetu, sayari iliyo mbali na jua huenda polepole: Utaridi kilomita 47 kwa sekunde, Neptuni 5 tu. Pembezoni mwa Andromeda mwendo haukushuka hivyo. Ulibaki kilomita 200 na zaidi.

Maelezo mawili yakashindana. Wengi husema kila galaksi imezungukwa na maada ya giza, isiyotoa mwanga lakini yenye uvutano. Mordehai Milgrom, mwaka 1983, alisema kanuni za mwendo hubadilika pale uvutano unapokuwa dhaifu sana. Maelezo ya kwanza yana wafuasi wengi zaidi, ila chembe yenyewe haijakamatwa. Hutafutwa hata ndani ya Homestake, mgodi wa zamani wa dhahabu huko Marekani, karibu mita 1,500 chini ya ardhi, ambako mwamba hukinga vipimo dhidi ya miali ya angani.

Wako wanaotaka kuifanya maada ya giza kuwa ushahidi wa mambo ya roho. Tusiwafuate, ni kitu cha kupimwa, kama jiwe la Kamoto. Sisi wa nchi ya migodi twajua kwamba ua huonyesha tu mahali pa kuchimba. Tuiheshimu alama kiasi cha kushika jembe, na tuupende ukweli kiasi cha kusema, shimo likiwa tupu, kwamba ni tupu.