Namba Iliyoandikwa na Namba Halisi: Historia Fupi ya Kupima Mwanga katika Picha za Karibu

Istilahi njema haimalizi kazi yake kwa kukitaja kitu. Yapasa ioneshe pia mipaka ya ukweli wake. Katika upigaji picha wa filamu limo jina moja lililo kweli kwa mbali na lisilo kweli kwa karibu, nalo ni namba f.

Namba f ni uwiano: urefu wa fokasi wa lenzi hugawanywa kwa kipenyo cha tundu lake. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la milimita 12.5 huitwa f/4. Uwiano huo hutueleza ukali wa mwanga ufikao kwenye filamu, lakini kwa sharti kwamba kinachopigwa picha kiko mbali. Tukitaka taswira ya ua iwe sawa na ua lenyewe, hatuna budi kuisogeza lenzi hadi milimita 100 kutoka kwenye filamu. Umbali umekuwa maradufu, na mwanga uleule umetandazwa juu ya eneo mara nne. Tundu halikubadilika, na pete ya lenzi bado yasema f/4. Bali mwanga ni wa f/8. Atakayeiamini pete, akatoa sekunde 1/60 badala ya 1/15, atapata negativu hafifu isiyo na kitu penye vivuli.

Mwaka 1881 chama cha wapigapicha cha Uingereza kilipendekeza namba nyingine. Humo f/4 iliitwa 1, f/5.6 ikaitwa 2, na f/8 ikaitwa 4, ili namba ikiongezeka maradufu muda nao uongezeke maradufu. Mfumo huo ulikuwa mwepesi kuhesabu, lakini haukudumu. Namba f ndiyo iliyoshinda. Aidha, haukuliondoa tatizo letu, kwa kuwa nao ulikadiriwa kwa vitu vilivyo mbali.

Kwa hiyo wapigapicha wa karibu walijiwekea kanuni: ongeza 1 kwenye kiwango cha ukuzaji, kisha zidisha jawabu kwa lenyewe. Ukuzaji wa 1 hudai muda mara 4; ukuzaji wa 3 hudai mara 16. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyomletea sifa Karl Blossfeldt wa Berlin, ambaye picha zake za machipukizi na vikonyo vilivyokuzwa zilitolewa kitabuni mwaka 1928.

Hata kanuni hiyo haikutosha. Karl Schwarzschild, mwanafalaki wa Kijerumani aliyepima mng'aro wa nyota kwa picha, alionesha mnamo mwaka 1900 kwamba mwanga dhaifu wa muda mrefu hauathiri bamba la picha sawasawa na mwanga mkali wa muda mfupi. Basi aliyepata sekunde 16 kwa hesabu alilazimika kuongeza tena.

Mwaka 1963 ilitolewa kamera ya Kijapani, Topcon RE Super, iliyopima mwanga baada ya kupita ndani ya lenzi. Kipimo hicho kiliuona upungufu wenyewe, kikamwondolea mpigapicha hesabu ya umbali. Udhaifu wa filamu katika muda mrefu hakikuuona. Na pete ya lenzi iliendelea kusema yaleyale.

Kutokana na historia hii twapendekeza istilahi tatu. "Namba f ya lenzi" iwe ile iliyoandikwa kwenye pete; "namba f halisi" iwe ile ya mwanga unaofika kwenye filamu; na "kizidishi cha mvukuto" kiwe idadi ya mara ambazo muda huongezwa. Neno mvukuto tunalo tangu zamani katika karakana ya mhunzi, na ngozi ya kamera ikunjwayo na kukunjuliwa inafanana nao. Tukilitafsiri jina moja tu, tutakuwa tumeupokea mtego pamoja na istilahi. Atakayeulipia ni mwanafunzi, kwa filamu iliyoharibika.