Filamu za vichekesho (Tanzania)

Filamu za vichekesho ni utanzu wa Bongo Movie, yaani filamu za Tanzania, uliorithi mengi kutoka jukwaani, ambako vikundi vya sanaa kama Muungano vilichekesha watazamaji kati ya ngoma na sarakasi. Wahusika hutambulika papo hapo: mzee bahili, mshamba aliyeingia mjini, kijana wa kisharobaro, yaani mtanashati wa kujidai. Maneno mengi hubuniwa papo kwa papo, na hapo ndipo ustadi hupimwa. Gwiji wa utanzu huu ni Amri Athuman, King Majuto wa Tanga (1948–2018), aliyeweza kuchekesha kwa kukodoa macho tu kabla hajatamka neno. Mchekeshaji mwingine, Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari Muheza mwaka 2012, alivuma kwa mwendo wake wa madaha na lafudhi ya kujidai.