Onani, Waungamishi na Matabibu

Katika sura ya 38 ya kitabu cha Mwanzo imeandikwa habari ya Yuda mwana wa Yakobo, aliyemwoza mwanawe wa kwanza, Eri, mwanamke aitwaye Tamari. Eri akafa bila ya kuacha mtoto, na kwa mujibu wa desturi ya watu wale Yuda akamwamuru Onani, mdogo wake marehemu, amwingilie mjane yule ili amwinulie nduguye uzao. Naye Onani, madhali alijua ya kuwa mtoto atakayezaliwa hatahesabiwa kuwa wake, kila alipomwendea Tamari alimwaga manii yake chini, hata Mungu akachukizwa na kumwua. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambako makabila kadha wa kadha yamewarithi wajane ili jina la marehemu lisizimike, hahitaji mfasiri wa kumweleza kosa la Onani lilikuwa nini. Mtu aliyekataa wajibu huo waziwazi aliwekewa adhabu yake katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25: mjane alimvua kiatu na kumtemea mate usoni mbele ya wazee, kisha mtu yule akaenda zake akiwa hai. Onani hakukataa waziwazi. Alijistarehesha kwa mke wa nduguye huku akimdhulumu nduguye nasaba na kumhadaa mjane. Wala tendo lake halikuwa la mtu aliye peke yake.

Hata hivyo jina la mtu huyu ndilo lililokuja kubandikwa juu ya tendo la mtu kujistarehesha peke yake, lile tuliitalo punyeto, na kwa muda wa karne mbili jina hilo liliwatia watu hofu ya wazimu, upofu na kifo. Jinsi mambo yalivyofika huko ni jambo linalostahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa kuwa naamini ya kwamba dhamiri za Wakristo wengi zimetwikwa mizigo miwili iliyofungwa kamba moja, mmoja ukitoka kwa Kanisa na mwingine ukitoka kwa matabibu, na mwenye kuibeba hajui tena upi ni upi.

Katika Biblia nzima hakuna aya ilitajayo tendo hili waziwazi na kuliharimisha. Mababa wa Kanisa waliolikemea walilikemea kwa hoja nyingine. Klementi wa Aleksandria, mwishoni mwa karne ya pili, alifundisha kama walivyofundisha wanafalsafa wa Kistoa ya kwamba mbegu ya mwanadamu imewekwa kwa ajili ya uzazi, basi kuipoteza bure ni kwenda kinyume cha maumbile. Agostino alipomtaja Onani katika maandishi yake juu ya ndoa, aliwakusudia mume na mke waepukao kupata mtoto, wala hakumkusudia kijana aliye peke yake kitandani mwake. Wasomi wa Kanisa walifuata njia hiyo kwa karne nyingi: Onani alikuwa mfano wa kuzuia mimba.

Walioishughulikia zaidi habari ya mwili wa mtu akiwa peke yake ni watawa, na hasa Yohane Kasiano, aliyekaa miaka mingi pamoja na wazee wa jangwa la Misri kabla ya kujenga nyumba zake za utawa huko Marseille yapata mwaka 415. Kasiano aliandika kwa kirefu juu ya usafi wa moyo, akautenga katika daraja sita, tangu mtawa asiyeshindwa na mashambulizi ya mwili akiwa macho hata yule ambaye ndoto zenyewe zimekwisha kumtulia usingizini. Atakayeyasoma maneno yake kwa makini ataona ya kuwa hayaogopi manii, wala hayadhani kwamba kutokwa nayo kunamwondolea mtu nguvu. Kwake yeye mwili ulikuwa ni ishara tu, na mtawa aliishauri ishara ile ili ajue kiburi, ulafi au hasira iliyojificha ndani yake. Mimi naona ya kwamba hiyo ndiyo hekima ya juu kuliko zote zilizopata kutolewa katika jambo hili, na ni hasara kwamba ilibaki ndani ya kuta za watawa.

Huko nje, kwa waumini wa kawaida, Kanisa lilihitaji kipimo chepesi zaidi, na kipimo hicho kikawa ni kitubio. Kanuni za Mashariki zinazonasibishwa na Yohane Mfungaji, Patriarki wa Konstantinopoli katika karne ya sita, zinamtaka mwenye kosa hili ale vyakula vikavu kwa siku 40 na kusujudu mara mia kila siku. Magharibi, vitabu vya vitubio vilivyoanzia Ireland na kuenea Uingereza na nchi za Wafaransa viliweka siku za kufunga ambazo zilitofautiana kitabu kwa kitabu, vikimwongezea aliyerudia na kumzidishia mtu wa daraja takatifu. Adhabu hizi si nyepesi, wala sitaki kuzipamba. Lakini zilikuwa na mwisho. Mtu alifunga, alisujudu, siku zikatimia, akarudi mezani pa Bwana pamoja na wenziwe.

Mwaka 1049 hivi mtawa mkali Petro Damiani alimpelekea Papa Leo IX kitabu cha kuwashutumu mapadre kwa uchafu wa kimwili, na katika daraja nne alizozihesabu, tendo la mtu peke yake lilikuwa daraja ya kwanza. Damiani alitaka wenye makosa hayo wavuliwe upadre. Papa alimsifu kwa ari yake, ila katika hukumu alichagua upole: waliokosa kwa mikono yao wenyewe, ikiwa haikuwa ada ya muda mrefu na wametubu, aliwaruhusu warudi katika daraja zao. Karne mbili baadaye Tomaso wa Akwino aliliweka tendo hili miongoni mwa dhambi zilizo kinyume cha maumbile, neno zito sana kwa kuwa kwa hesabu yake kundi hilo lilishinda uzinzi kwa ubaya. Papo hapo lakini akasema kwamba ndani ya kundi hilo hilo, hili ndilo lililo chini kabisa. Kwa upande wa mtu aotaye usingizini, alihukumu ya kwamba kuota kwenyewe si dhambi.

Baada ya Mtaguso wa nne wa Laterani, mwaka 1215, kumwajibisha kila Mkristo kuungama walau mara moja kwa mwaka, jambo hili liliingia katika masikio ya mapadre kwa wingi usiokuwako kabla. Jean Gerson, mkuu wa Chuo Kikuu cha Paris aliyefariki mwaka 1429, aliandika risala fupi ya kuwaelekeza waungamishi jinsi ya kuwauliza watu swali hili, maana aliona ya kuwa wengi walikuwa wakilificha kwa haya. Wanamageuzi wa Kiprotestanti hawakuilegeza hukumu. Luther na Calvin, wakifafanua kitabu cha Mwanzo, walimlaani Onani kwa maneno makali. Ila katika makanisa yao kuungama kwa lazima mbele ya padre kulikoma, na pamoja nako kikakoma kitubio chenye idadi ya siku. Mwenye kosa alibaki yeye na Mungu wake, na mahali palipoachwa wazi na muungamishi palikuja kukaliwa na mtu mwingine.

Mtu huyo alitokea London mwanzoni mwa karne ya 18, bila ya kutaja jina lake, na kijitabu alichokiita *Onania*. Kijitabu kile kilivaa joho la mhubiri: kilitaja aya, kilihimiza toba, kilichapwa tena na tena kikiongezewa barua za watu waliosemekana kuwa ni wasomaji waliojuta. Lakini kando ya dhambi kilipanga orodha ya maradhi, kudhoofika, kifafa, utasa, na kando ya maradhi kikatangaza dawa za kununua. Hapo ndipo Onani alipogeuzwa, akaacha kuwa dhalimu wa mjane akawa mgonjwa. Nami siwezi kulipita jambo hili kwa utulivu, kwa sababu biashara ile ile yaendelea mbele ya macho yetu katika miji ya Afrika Mashariki, ambako vibao vya barabarani na matangazo ya waganga huwaahidi vijana dawa ya kurudisha nguvu za kiume zilizoharibiwa, ati, na punyeto. Mwenye kumtia mtu hofu ya maradhi yasiyokuwapo kisha akamwuzia dawa yake amemdhulumu mara mbili, na akitumia jina la Mungu ndani yake ameongeza dhuluma ya tatu.

Hata hivyo *Onania* ingalisahauliwa lau si Samuel Auguste Tissot, tabibu wa Lausanne katika nchi ya Uswisi, aliyekuwa mwanazuoni wa kweli na mwenye sifa Ulaya nzima. Kitabu chake juu ya maradhi yatokanayo na tendo hili kilitoka kwa Kilatini mwaka 1758 na kwa Kifaransa mwaka 1760. Tissot alishikilia ya kwamba kupoteza wakia moja ya manii humdhoofisha mtu kuliko kupoteza wakia 40 za damu, na kutokana na hesabu hiyo isiyo na msingi alitoa kila balaa: kupungukiwa na kumbukumbu, kufifia macho, kukauka mwili, kuharibika akili. Ilikuwa ni elimu ya zama zake, iliyodhani kwamba siha ni mizani ya majimaji mwilini, nayo imekwisha kubatilika. Lakini wahubiri, ambao kwa karne nyingi walikuwa wamesema kwamba tendo hili linaumiza roho, sasa walipewa ushahidi wa kitabibu, wakaupokea kwa mikono miwili.

Marekani, mhubiri wa Kipresbiteri Sylvester Graham alichapisha mwaka 1834 mawaidha yake kwa vijana, akiwausia mkate wa unga usiokobolewa na kuacha nyama na viungo ili ashiki ipoe. Nusu karne baadaye John Harvey Kellogg, tabibu wa Kiadventista wa Battle Creek, aliendeleza mafundisho yayo hayo, akafika hata kupendekeza tohara bila ya ganzi ili maumivu yawe onyo. Robert Baden-Powell alipokuwa akiandaa kitabu chake cha maskauti cha mwaka 1908 aliandika kwamba mwenye mazoea haya huishia katika udhaifu wa moyo na wazimu, maneno ambayo wachapishaji wake walimtaka ayapunguze ukali. Huyu ndiye mzee aliyekuja kumalizia siku zake Nyeri, nchini Kenya, akazikwa huko mwaka 1941, na wasia wake wa maji baridi na mazoezi ya mwili ulisomwa na maskauti katika makoloni yote ya Waingereza, ya kwetu yakiwemo.

Kati ya kelele hizo kulikuwa na sauti moja ninayoiheshimu mno. Sir James Paget, tabibu mpasuaji wa London na Mkristo wa ibada, alichapisha mwaka 1875 mihadhara yake, na humo akatamka ya kwamba tendo hili haliudhuru mwili zaidi wala pungufu ya vile maingiliano ya kawaida yanavyoudhuru, kwa kiasi kile kile na katika siha ile ile. Aliongeza kwa masikitiko kuwa angalipenda apate neno baya zaidi la kusema, maana kwake yeye ni uchafu uliokatazwa na Mungu. Ila ukweli wa tabibu haukumruhusu. Mtu huyu alilichukia tendo lenyewe na bado akakataa kuitetea imani yake kwa uwongo.

Katika karne ya 20 matabibu wengine walimfuata Paget, na makanisa yakalazimika kusema kwa hoja za dini peke yake. C. S. Lewis, katika barua ya mwaka 1956, aliweka ubaya wake katika njozi: hamu ambayo ingempeleka mtu kwa mwenzake inarudishwa ndani ya nafsi, akabaki na wake wa kuwaza ambao hawamdai kitu wala kumrekebisha. Wachungaji wengine wa Kiprotestanti huko Marekani walikwenda mbali zaidi, wakiona si dhambi pasipokuwa na tamaa ya mke wa mtu au picha za uchafu. Wengine wangali wanaikataza kabisa kwa maneno ya Kristo juu ya amtazamaye mwanamke kwa kumtamani.

Roma ilitoa tamko tarehe 29 Desemba 1975, ikithibitisha kwamba tendo hilo ni ovu kwa asili yake na kwa uzito. Padre Charles Curran, aliyedai kwamba si kila mara lina uzito huo, alinyang'anywa na Vatikani mwaka 1986 ruhusa ya kufundisha teolojia ya Kikatoliki, kwa sababu ya neno hili pamoja na mengine. Hata hivyo Katekisimu ya 1992, katika ibara ya 2352, iliyorudia hukumu ile ile, inawataka wachungaji wapime kutokomaa kwa mtu, nguvu ya mazoea yaliyokwisha kumshika, wasiwasi wake na hali nyingine za nafsi au za jamii, kabla ya kusema ana hatia kiasi gani; na padre afanyaye hivyo yuko karibu na Papa Leo IX kuliko na tabibu wa Lausanne.