Gitaa la Umeme Mlimani

Historia ya muziki wa dansi nchini mwetu aghalabu husimuliwa kwa majina ya bendi na watunzi. Ni nadra kusimuliwa kwa majina ya mito. Hata hivyo gitaa la umeme halivumi pasipo amplifaya, na amplifaya haina uhai pasipo umeme; na umeme wa kaskazini kwa miaka mingi ulitoka majini. Maji ya Kilimanjaro na Meru hushuka kwa mito ya Ruvu na Kikuletwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako mitambo ya megawati 8 ilianza kazi mwaka 1968. Kisha huufuata mto Pangani hadi Hale, penye mitambo ya megawati 21 iliyoanza mwaka 1964. Njia hiyo hiyo ya kaskazini ndiyo waliyoishika ndugu Wilson na George Kinyonga walipotoka Tanga na kuunda Arusha Jazz, kabla ya kuvuka kwenda Kenya mwaka 1971 na kujulikana kama Simba Wanyika.

Umeme huo haukuwa mtulivu, wala leo si mtulivu kila mahali. Kiwango chetu ni volti 230. Lakini waya upandao kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Machame au Marangu ni mrefu, na kadiri unavyorefuka na kubebeshwa mzigo ndivyo volti zinavyopungua. Mashine ya kusaga ikiwashwa jioni, taa hufifia. Volti zikishuka hadi 180, amplifaya isiyo na kidhibiti ndani yake hubakiwa na takriban asilimia 61 tu ya nguvu zake, maana nguvu hufuata mraba wa volti. (Mwalimu wa fizikia na awape wanafunzi hesabu hiyo.) Mpigaji, asijue kisa, huongeza sauti hadi ikakwaruza.

Kuzidi kwa volti ni hatari zaidi. Waya wa nyutro ukikatika nguzoni, nyumba moja yaweza kupokea volti zinazokaribia 400, na transfoma ya amplifaya ikaungua kabla wimbo haujaisha. Ndiyo maana bendi hutumia stabilaiza. Ndani yake mna transfoma yenye matoleo kadhaa. Volti za nje zikipanda au kushuka, chombo huchagua toleo linalofaa. Nyingi husubiri kidogo umeme unaporejea, ili mshtuko wa kwanza upite. Wati zake sharti zizidi za amplifaya. Kwa radi za masika, hata hivyo, stabilaiza si kinga ya kutegemea: plagi ichomolewe.

Hatuwezi kunyamazia desturi ya kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi. Fyuzi yenye amperi sahihi hufa ili transfoma ipone; waya mnene haufi. Baya zaidi ni kukata waya wa ardhini eti kuondoa mvumo. Mwaka 1972, mjini Swansea huko Uingereza, mpiga gitaa Les Harvey alikufa jukwaani aliposhika maikrofoni isiyotulizwa ardhini ipasavyo. Fundi mwangalifu, kabla ya mwimbaji kusogea, huweka ncha moja ya mita kwenye nyuzi za gitaa na nyingine kwenye maikrofoni. Sindano ikiinuka, hapigi mtu.