Kipimo cha Maji na Mkono wa Mtoto

Katika kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 45, twaona ya kuwa watu waliagizwa wawe na bathi ya haki. Bathi ilikuwa kipimo cha mafuta na divai, nayo ilikuwa sawa na efa, kipimo cha nafaka. Kama vyombo vyote vingalikuwa sawa, agizo hilo lisingalihitajiwa.

Taabu hiyo haikwisha upesi. Huko Uingereza palikuwa na galoni ya divai na galoni ya bia, na ya bia ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1824 sheria iliamuru galoni moja tu, nayo ni nafasi ya ratli 10 za maji. Wamarekani walibaki na galoni ya divai, na hata leo galoni yao haifiki lita 4, hali ya Kiingereza yapita lita 4 na nusu. Wafaransa nao waliweka lita mwaka 1795: ni nafasi ya sanduku ambalo kila upande wake una sentimeta 10. Kwetu lilikuja debe la mafuta ya taa, galoni 4 za Kiingereza. Mafuta yakiisha, debe likawa chombo cha maji na kipimo cha sokoni.

Basi mtoto atajifunzaje mambo haya? Kuimba jedwali hakutoshi. Mwaka 1941 Jean Piaget wa Uswisi na Alina Szeminska walichapisha habari za watoto walioona maji yakimiminwa kutoka chombo kipana katika chombo chembamba. Wadogo walisema maji yamezidi, maana yamepanda juu! Mtoto kama huyo akitumwa dukani, chupa ndefu itamdanganya hata ikiwa mwenye duka ni mwaminifu.

Kwa hiyo mama na ampe chupa ya lita moja, kibuyu, sufuria na bakuli, pamoja na maji ya kufulia, si ya kunywa. Kwanza akisie, kisha amimine mwenyewe. Akikosea, asikaripiwe, amimine tena.

Baba naye aweza kukunja karatasi ngumu iwe sanduku la sentimeta 10 kila upande, akalipaka nta. Likijazwa maji, yataijaza ile chupa ya lita. Langu la kwanza lilivuja pembeni, watoto wakacheka sana. Kisha mmoja akauliza ni maji kiasi gani yaliyopotea, akakimbia kuleta kikombe.