Daktari wa Wodini na wa Maabara

Mimi ni mzaliwa wa Mgololo, na kazi yangu hadi nastaafu ilikuwa ya maabara, Mbeya. Naandika habari za madaktari niliofanya nao kazi kwa sababu historia yao haijulikani hata kwetu Mufindi. Hapa mzazi mwenye mtoto hodari wa Baiolojia anamwombea awe daktari. Sijamsikia hata mmoja akimwombea awe mtafiti.

Zamani udaktari na utafiti zilikuwa kazi za watu wawili tofauti. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, na baadaye Waingereza wakakifanya cha malaria. Wenyeji walikuwa wa kukamata mbu na kuosha vioo vya darubini. Swali la utafiti lilikuwa la mgeni. Chuo chetu cha kwanza cha udaktari kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1963, nchi ilihitaji watu wa kutibu, na wa kutibu ndio waliofundishwa. Silaumu. Mama mwenye uchungu hasubiri utafiti.

Mwaka uliofuata, 1964, serikali ya Marekani ilianza kuwalipia wanafunzi wasome udaktari na uzamivu wa sayansi kwa pamoja, katika vyuo vitatu kwanza. Sisi tulifika kwa njia nyingine, tena ndefu. Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, mwaka 1979, na mkurugenzi mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Wenzel Kilama, msomi wa mbu na malaria. Kilichowasukuma madaktari wa wodini waingie maabara, kwa nionavyo mimi, ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Kufikia 1986 Muhimbili ilikuwa imeshaanza utafiti na Waswidi, na humo madaktari wetu wakapata njia ya kusoma uzamivu nusu huku, nusu Sweden: wagonjwa na takwimu za hapa, masomo na baadhi ya vipimo vya kule. Profesa Said Aboud, daktari na bingwa wa mikrobiolojia aliyekuja kuiongoza NIMR, ametokana na malezi hayo.

Mbeya zamu yake ilifika mwaka 1996, ulipoanza mpango wa utafiti wa tiba pamoja na Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani. Mahali palichaguliwa vizuri. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo, malori yanalala Makambako, Mbalizi na Tunduma, na penye malori pana baa. Mwaka 2000 ulianza utafiti wa virusi vya UKIMWI kwa wanawake 600 wahudumu wa baa, waliofuatiliwa kwa miaka minne, wakipimwa na kutibiwa kila baada ya miezi mitatu.

Nawakumbuka madaktari vijana wa miaka ile. Asubuhi yuko wodini. Mchana anaingia kwetu, koti lile lile, kalamu imevuja mfukoni.

"Shikamoo, mzee. Zile damu za jana zimeshazungushwa?"

"Marahaba, daktari. Ziko kwenye friza."

Hakuridhika kwa kuambiwa. Alivaa glavu, akafungua friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, akalinganisha namba ya kila kichupa na daftari. Damu ikichelewa njiani seli zinakufa, na safari ya mama aliyeitoa imekuwa ya bure. Daktari alilijua hilo kwa sababu mama mwenyewe alimjua; ndiye aliyempima shinikizo la damu na kumsikiliza habari za watoto wake. Ndiyo maana nasema kazi hizi mbili zikae kwa mtu mmoja. Utafiti ule wa wahudumu wa baa ulionyesha kwamba aina A, C na D za virusi vya UKIMWI zinachanganyika Mbeya, na kwamba mtu mmoja anaweza kubeba zaidi ya aina moja. Kwa anayetafuta chanjo, hiyo ni habari nzito. Baadaye majaribio ya chanjo yaliyoitwa TaMoVac yalifanyika Dar es Salaam na Mbeya pia, na madaktari wa Kitanzania wakiwa miongoni mwa viongozi wake.

Lakini hesabu ya miaka inaniuma. Udaktari miaka 5, mafunzo ya kazi hospitalini mwaka 1, ubingwa 3, uzamivu si chini ya 3, mara nyingi 4. Hiyo ni miaka 12 au 13, kama hakuna pengo, na mapengo ni mengi: kusubiri ajira, kusubiri ruhusa ya mwajiri, kusubiri mfadhili. Wapo niliowaona wakiacha uzamivu katikati kwa sababu ada ya watoto ilikuwa haisubiri. Elimu yao ilishonwa vipande vipande, na kila mshono ulikuwa na fedha za mgeni.

Naomba vyuo vyetu vya udaktari na serikali wafanye jambo moja: kila mwaka wachague wanafunzi wachache, hata kumi, wasome udaktari na uzamivu kwa mpango mmoja, kwa mshahara wa nchi hii, na utafiti wao ufanyike kwenye hospitali za mikoa. Nawe mzazi wa Mgololo, mwanao akisema anataka kujua kwa nini watu wanaugua, usimkatishe. Mpeleke.